Loweka Kwanza Mihogo, Mwanangu

Kaa, mwanangu. Chukua kile kiti cha mwanzi, hiki kingine mguu wake unacheza. Sombe bado iko motoni na wali haujaiva. Tuna wakati. Nataka tuongee juu ya kitabu ulichonisimulia jana.

Ulisema ni riwaya ya kubuni, ya zama za Warumi. Ndani yake kuna kuhani wa kike. Analinda moto, anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, na dini mpya inaingia mjini huku ile yake ikififia. Umeisoma kwenye simu usiku baada ya usiku mpaka macho yakawa mekundu. Sasa unataka kuandika yako. Kuhani wako atakuwa wa hapa kwetu, kati ya Kasongo na Kabambare, siku zile misafara ya Zanzibar ilipofika. Na unataka uwe umeimaliza kabla mvua hazijarudi.

Nilifurahi. Nilifurahi kuliko ulivyoona usoni mwangu. Lakini usiku usingizi ulinipita. Hadithi hiyo unayotaka kuiandika, mimi niliiandika kabla baba yako hajazaliwa. Niliiandika vibaya, na kosa lake bado linanikaa kifuani. Ndiyo maana nimekuita leo.

Ulikuwa mwaka 1967. Nilikuwa na miaka 17. Nilisoma shule ya mapadri, na huko tulifundishwa Kilatini. Tukaambiwa tuandike insha ndefu juu ya Roma ya zamani. Nikachagua kuhani wa kike. Nilimchora kama nilivyodhani kila mpagani alivyo: mwanamke mzee, nywele timutimu, nyoka shingoni, akipiga kelele mbele ya moto. Mwishoni anapiga magoti, anabatizwa, na nyoka anakufa. Nilipata alama nzuri. Likizo ilipofika nikaibeba insha yangu mpaka nyumbani, kijiji kimoja upande wa Kabambare, si mbali na mto Luama.

Jioni nikawasomea watu wa nyumbani pale barazani. Ilikuwa kwa Kifaransa, nami nikawa naigeuza kwa Kiswahili chetu sentensi kwa sentensi. Wakapiga makofi. Koko wangu, mama mzaa baba, alikuwa ameketi kando akimenya mihogo. Yeye hakupiga makofi. Nilipomaliza aliniuliza jambo moja tu.

"Ule mwanamuke, ni nani alimufundisha?"

Nikamjibu upesi: "Shetani, koko."

Akainamisha kichwa, akaendelea kumenya.

Kesho yake shangazi alinivuta nyuma ya nyumba. Akaniuliza kama najua nilikuwa namsema nani jana mbele ya watu. Sikujua. Ndipo akanieleza kwamba koko ndiye aliyekuwa akiitwa mapasa, yaani mapacha, walipozaliwa. Mapasa hawapokewi kama mtoto mmoja anavyopokewa. Wana nyimbo zao, wana majani yao, na wazazi wao wana masharti ya kushika. Koko aliyajua yote hayo. Alifundishwa na mama yake mkubwa tangu akiwa msichana mdogo. Baadaye alibatizwa, akawa anakwenda misa, na rozari haikutoka shingoni mwake. Hata hivyo, usiku ambao mapasa walizaliwa, mlango uliogongwa ulikuwa wake.

Nilisimama pale nyuma ya nyumba, mwanangu, na masikio yangu yakawa ya moto. Nilichukua daftari na kalamu nikamkimbilia. Lori la kwenda Kasongo lilikuwa liondoke saa tisa. Nikamwambia: koko, niimbie nyimbo zote za mapasa, nitaandika sasa hivi. Alikuwa na beseni la mihogo kichwani, anakwenda mtoni.

"Kuya kesho, mutoto wangu. Leo niko na mihogo."

Nikaona amenipuuza. Nikapanda lori. Likizo iliyofuata sikwenda nyumbani, nilikwenda kwa marafiki Kindu. Koko alifariki mwaka 1969. Habari zilinifikia wiki tatu baada ya maziko. Sina wimbo wake hata mmoja.

Kunywa maji, mwanangu. Nitaendelea.

Lile swali lake ndilo nataka kukupa. Ni nani alimfundisha? Jana ulinisomea ukurasa wako wa kwanza. Umeandika kwamba kuhani wako "alizaliwa na nguvu". Hapo ndipo na mimi nilipojikwaa. Hata huko Roma hakukuwa na kuhani aliyezaliwa tayari.

Warumi walikuwa na mungu wa kike wa moto wa jikoni, jina lake Vesta. Moto wake uliwaka katikati ya mji na haukuruhusiwa kuzimika. Waliolinda moto huo walikuwa wanawake sita. Walichukuliwa wakiwa watoto, kati ya miaka 6 na 10, wakaapishwa kutumikia miaka 30 bila kuolewa. Aliyeacha moto uzimike alichapwa. Aliyevunja kiapo alizikwa hai. Hayo ndiyo waandishi wa riwaya wanayapenda. Lakini sikiliza namna ile miaka 30 ilivyogawanywa. Miaka 10 ya kwanza ilikuwa ya kujifunza. Miaka 10 ya pili ilikuwa ya kufanya kazi. Miaka 10 ya mwisho ilikuwa ya kuwafundisha wadogo waliokuja nyuma.

Mambo haya niliyajua. Yalikuwa kwenye kitabu cha shule. Nilipoandika niliyaruka, kwa sababu msichana anayefundishwa kuteka maji na kufagia majivu hakunivutia. Nilitaka nyoka. Koko hakuwahi kulisikia jina la Vesta, lakini aliiona mara moja ile miaka niliyoiruka. Alijua kwa mwili wake kwamba mwanamke wa namna hiyo ana mwalimu wake, na mwalimu naye ana mwalimu wake.

Kwa hiyo mwanangu, anza na ile miaka 10 ya kwanza. Kuhani wako alikuwa mtoto wa nani? Alikabidhiwa nani? Siku ya kwanza alipewa kazi gani? Alikosea nini, na alikemewa kwa maneno gani? Ukijibu hayo, nguvu zake msomaji ataziamini mwenyewe. Usipoyajibu, hata ukimfanya apasue mto Lualaba kwa fimbo, msomaji atapiga miayo.

La pili ni majina. Hili nalo lilinichukua miaka mingi kulielewa.

Neno "pagani" tulilipokea kanisani tukaliona la kanisa. Asili yake ni Kilatini, kutoka *pagus*, yaani wilaya ya mashambani. *Paganus* alikuwa mtu wa shamba, wa kijijini. Wakristo walipokuwa wengi mijini, wakaanza kuwaita hivyo watu walioshika miungu ya zamani. Hakuna kuhani wa Vesta aliyeamka asubuhi akasema: mimi ni mpagani. Ni jina alilopewa na aliyemshinda.

Na huku kwetu je? Watu wa pwani walipofika mkoa wetu huu wa Maniema walijiita Waungwana. Wenyeji wakawaita washenzi. Wabelgiji walipokuja wakalikuta neno hilo njiani, wakalichukua, wakawa wanasema *basenji* juu ya kila mtu wa kijijini. Angalia, mwanangu. Miji miwili tofauti, bahari na karne nyingi katikati yake, na kila mji ulimtengenezea mtu wa shamba neno la kumdharau. Mimi nilikuwa mjukuu wa shamba, na katika insha yangu nilitumia maneno yote mawili.

Katika rasimu yako nimeona umemwita kuhani wako "mchawi" mara mbili. Simama hapo. Sisi wenyewe tunatofautisha. Mufumu ni mtu anayetafuta chanzo cha ugonjwa na kuleta dawa. Mulozi, yaani mchawi, ni mtu anayeua kwa siri. Kumwita mufumu mulozi ni kumweka kwenye hatari, hata leo. Unajua vizuri kwamba katika nchi yetu wako wazee wanaofukuzwa majumbani kwa neno hilo moja. Ukiwa unatunga kitabu, adui wa kuhani wako anaweza kumwita mulozi. Msafiri wa Zanzibar anaweza kumwita mshenzi. Lakini wewe msimuliaji uliza kwanza yeye mwenyewe alijiitaje, na wanawake waliomgongea mlango usiku walimwitaje. Tumia hilo.

Tena usidhani kwamba kila kitu cha zamani kilikuwa cha giza na ngoma za usiku. Watazame jirani zetu Walega, kaskazini, upande wa Pangi na Shabunda. Walikuwa na chama chao, bwami. Chama hicho kilifundisha tabia njema kwa methali, kwa nyimbo, na kwa vitu vidogo vya pembe na mbao, kila kimoja na maana yake. Mtu alipanda ngazi polepole, maisha yake yote. Wanawake nao walikuwa na ngazi zao, na aliyefika ya juu aliitwa kanyamwa. Mwanamke huyo alikwenda sambamba na mume aliyefika daraja kuu ya kindi. Serikali ya kikoloni ilikipiga marufuku chama hicho mwaka 1948. Fikiria, chama cha kufundisha watu kuwa wastaarabu kikapigwa marufuku na waliosema wamekuja kuleta ustaarabu. Leo vile vitu vidogo vya pembe viko kwenye makabati ya vioo Ulaya, na sanamu za mababu za Wabuyu wa Kabambare ziko huko huko. Wageni wanazitazama na kusifu uzuri wake. Yale maneno yaliyosemwa mtu alipokabidhiwa kitu hicho mkononi, hayamo ndani ya kabati.

La tatu. Unaniambia, koko, hii ni hadithi ya kubuni tu, nina uhuru. Ndiyo, mwanangu, unao. Lakini hapa kwetu hadithi ya kubuni iliwahi kupindua nchi nzima, na aliyeitunga ameandika mwenyewe.

Hamed bin Muhammed, ambaye sote tunamjua kwa jina la Tippu Tip, aliandika maisha yake kwa Kiswahili. Yalichapishwa mara ya kwanza mwaka 1902 na 1903, yeye akiwa bado hai Zanzibar. Humo anasimulia namna alivyoingia Utetera, ng'ambo ya Lualaba, kabla ya kuja kukaa Kasongo. Huko alikuwako chifu mzee, Kasongo Rushie. Tippu Tip alikuwa amesikia kwamba zamani ndugu wa kike wa chifu huyo walitekwa wakapelekwa mbali. Akajitungia ukoo. Akasema nyanya yake alikuwa mmoja wa wanawake wale, kwa hiyo yeye ni mjukuu aliyerudi nyumbani. Mzee akaamini. Akampokea kama damu yake, akamwachia utawala. Kwa hadithi moja, mtu aliyekuja kutafuta pembe za ndovu alipata nchi na watu wake.

Mwone yule mwanamke, mwanangu. Yule aliyetekwa. Jina lake likawa ufunguo wa mlango wa mtu mwingine. Yeye mwenyewe alikwenda wapi? Alizaa? Alimfundisha nani nyimbo zake huko ugenini? Hakuna aliyeuliza. Kama unatafuta kuhani wako, labda amekaa hapo, katikati ya ukweli na uongo wa watu wawili wakubwa, akisubiri mtu amuulize. Ubuni wako ukimrudishia sauti, utakuwa umefanya kazi njema. Ukimtumia tu ili kitabu chako kipendeze, utakuwa umerudia alichofanya Tippu Tip.

Nikupe na jambo la Nyangwe, maana najua utaliandika. Kila anayeandika juu ya zama zile analiandika.

David Livingstone alifika Kabambare mwaka 1869. Yeye aliandika *Bambarre*. Vidonda vya miguu vilimlaza kwenye kibanda miezi kadhaa. Alikuwa anatafuta chanzo cha mto Nile, na aliamini Lualaba yetu ndiyo Nile yenyewe. Mwaka 1871 akafika Nyangwe, kando ya mto huo, akapenda soko la pale. Wengi wa waliokuja sokoni walikuwa wanawake, na chumvi, samaki, kuku, vyungu na mafuta ya mawese vilibadilishana mikono. Tarehe 15 Julai watu wa misafara waliingia sokoni na bunduki wakaanza kufyatua. Wanawake walikimbilia mitumbwi, wakajitupa mtoni, wengi wakazama. Hesabu aliyopewa Livingstone ilizidi watu 300.

Karatasi zilikuwa zimemwishia. Aliandika juu ya gazeti kuukuu, akikatisha maandishi ya chapa, kwa wino aliotengeneza kutokana na mmea wa huku. Wino ule ukafifia hata usisomeke. Ilipofika mwaka 2011 ndipo wataalamu, kwa kupiga picha chini ya mwanga wa aina nyingi, walipoyafufua maneno yale. Miaka 140. Na walipoyasoma waliona kwamba daftari la kwanza na kile alichonakili baadaye havilingani kila mahali. Hata mtu aliyeona kwa macho yake alirudi nyuma na kupanga upya.

Nakuambia haya ili uwe na subira na vitabu pia. Usisome kimoja ukasema umejua. Soma cha Mzungu, soma cha Mzanzibari, kisha nenda ukasimame Tongoni, ile Kasongo ya zamani iliyotekwa na jeshi la Wabelgiji tarehe 22 Aprili 1893. Jina lenyewe linakuambia: tongo ni mahame. Tembea pale kwa miguu. Uliza njia ya kwenda mtoni. Angalia mtu anachoka baada ya hatua ngapi akiwa na mtungi kichwani. Kuhani wako alikuwa na miguu kama ya watu.

Na kwa kuwa nimetaja Nile, nikuonyeshe Nile ya kweli. Ukitaka dini ya zamani iliyokutana na Warumi, si lazima uvuke bahari. Kusini mwa Misri, karibu na Aswan, kulikuwa na kisiwa cha Philae, na juu yake hekalu la Isis, mungu wa kike. Warumi walitawala Misri, na baadaye dola yao ikawa ya Kikristo, mahekalu yakafungwa moja baada ya jingine. Philae iliendelea, kwa sababu Wanubi na jirani zao wa jangwani hawakukubali kumwacha Isis wao. Tarehe 24 Agosti mwaka 394 kuhani mmoja, Nesmeterakhem, alichonga maandishi ukutani kwa herufi zile za picha za Misri ya kale. Ndiyo ya mwisho tunayoyajua. Watu wa Misri walikuwa wameandika hivyo zaidi ya miaka 3,000. Katika karne ya 6 hekalu likafungwa. Wasomaji wakaisha. Kuta zilibaki zimejaa maneno, na hakuna mtu duniani aliyeweza kuyasoma mpaka mwaka 1822, Mfaransa Champollion alipofumbua fumbo lake.

Nilisoma habari hii nikiwa tayari mtu mzima, mwalimu, nina watoto. Nililia, mwanangu. Nilimwona koko. Kuhani yule wa Philae alikuwa na patasi, akaacha alama kwenye jiwe, na hata hivyo miaka 1,400 ilipita bila msomaji. Koko hakuwa na jiwe. Alikuwa na mimi.

Unakumbuka ile miaka 10 ya tatu ya akina mama wa Vesta? Ya kufundisha? Koko alikuwa ndani ya miaka hiyo mwaka ule wa 1967. Kazi yake ilikuwa imebaki moja: kumpata mtoto wa kumwachia. Nilipomjia na daftari, sidhani kwamba alinipuuza. Nadhani alifurahi kuliko nilivyoona usoni mwake. Akanipa sharti la kwanza, lile ambalo yeye mwenyewe alipewa akiwa msichana. Rudi kesho. Mimi nikaliona sharti kuwa mlango uliofungwa.

Na ile mihogo. Nimeifikiria miaka mingi. Muhogo wetu mchungu unaujua. Unaumenya, unaupeleka kwenye maji, unauacha siku tatu, nne, mpaka ulainike na uchungu utoke. Kisha unaanika, unatwanga, unachekecha, ndipo ule ugali. Mtu mwenye haraka akipunguza siku za maji, sumu inabaki ndani. Uko ugonjwa unaoitwa konzo unaowapata watu kwa sababu hiyo wakati wa njaa. Miguu inakaza, na haiponi tena. Muhogo ni ule ule na mpishi ni yule yule. Kilichopungua ni siku.

Insha yangu ilikuwa muhogo wa siku moja. Iliwapendeza walioila, na ilimlemaza mtu mmoja aliyekuwa ameketi kando kimya. Hilo sitaweza kulitengua. Nilichoweza ni kuanza upya nikiwa mzee.

Kuna mama mmoja, kule mwisho wa mtaa wetu, anazijua nyimbo za mapasa. Si zile za koko. Kila ukoo una zake. Nilianza kumtembelea miaka mitatu iliyopita. Mwaka wa kwanza hakuimba. Tuliongea juu ya wajukuu, bei ya chumvi, barabara mbovu. Siku moja mvua ilitukuta jikoni kwake, akaanza kuimba peke yake kama anayeongea na sufuria. Sikutoa kalamu. Nilirudi nyumbani nikiurudia wimbo ule njiani ili usinitoke. Kwa miaka mitatu amenipa nyimbo nne. Moja amenikataza kuiandika, na sitaiandika. Hilo nalo ujifunze: kuna vitu utapewa uvijue tu, ili uandike vingine vizuri zaidi. Katika riwaya yako acha chumba kimoja ambacho msomaji haingii. Ataheshimu nyumba nzima kwa sababu ya mlango huo.

Jana nilimwambia mama huyo kwamba ninaye mjukuu anayetaka kuandika. Akauliza kama ni mvulana au msichana. Nikamwambia ni msichana. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama unaweza kubeba beseni.

Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla jua halijapanda, nenda kwake. Daftari liache hapa mezani, nitakutunzia. Simu pia. Mwamkie, mwite koko, pokea mzigo wake, mfuate mtoni. Usimwulize kitu siku ya kwanza. Akikuuliza habari za riwaya yako, mwambie bado. Tia mihogo majini kama atakavyokuonyesha, weka mawe juu isielee, kisha urudi nyumbani.

Siku ya nne mtakwenda pamoja kuitoa. Haya, nawa mikono, mwanangu. Wali umeiva.